Mbwa Pekee Ambaye Mama Mkasi Hakumfunga Kizazi

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuhasi, kufunga vizazi, kung'oa kupe na kubishana na wenye mbwa, daktari mkuu wa kliniki yetu ya wanyama anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Mjini anajulikana kama Mama Mkasi, na hata barua za ofisini zimewahi kuja na jina hilo bila mtu kushtuka. Mimi ninayeandika ni mpokezi wa dawati la mbele, yule mnayemlaumu foleni ikiwa ndefu. Wenzangu wamenipa kazi hii kwa madai kwamba nina maneno mengi. Haya, leo maneno yangu yapate kazi.

Nilipomwambia kwamba namwandikia wasifu, alinipa sharti moja. Sifa ziwe chache, habari ya mbwa wake Tetesi iwe yote. Nilimbembeleza tuiache, maana bado ni mbichi na inamuuma. Akakataa katakata. Alisema watu wakisoma sifa zake watapiga makofi na kwenda zao, lakini wakisoma habari ya Tetesi huenda wakaleta mbwa wao Jumatano. Kwa hiyo msishangae wasifu huu ukiwa umejaa mbwa kuliko daktari.

Mjue basi tangu hapa mambo yalivyokaa. Mama Mkasi ni mjane, na watoto wake wanaishi mbali. Nyumbani kwake wamebaki wawili, yeye na Tetesi, na mipango yote ya kustaafu aliipanga na mbwa huyo: kutembea naye asubuhi kabla jua halijawa kali, kulala naye kibarazani mchana, na kumsikiliza akibweka wapita njia. Wiki chache kabla ya tarehe yake kufika, Tetesi aliugua ugonjwa uleule ambao daktari huyu ametumia maisha yake kuwakinga nao wanyama wa watu wengine. Ikawa haijulikani kama anastaafu kwenda nyumbani au kwenda kwenye nyumba tupu.

Lakini kwanza kazi, maana ndiyo tunayoiaga.

Alipoajiriwa, kliniki ilikuwa na meza moja ya saruji na kabati moja la dawa. Mimi sikuwepo, nasimulia niliyosimuliwa na mwenyewe. Kila Jumatatu asubuhi wafanyakazi walikuta maboksi mlangoni. Ndani ya maboksi vitoto vya mbwa, ndani ya maboksi vitoto vya paka, vingine havijafumbua macho, na hakuna mwenye boksi aliyesimama kujitambulisha. Kazi ya daktari mgeni ilikuwa kuvichoma sindano ya mwisho. Aliifanya kwa miezi kadhaa, kisha akaenda kwa bosi wa wakati ule akamwambia hakusomea kuua viumbe wazima. Aliomba siku moja tu kwa wiki ya kufunga vizazi, ili maboksi yapungue yenyewe. Akapewa Jumatano, pamoja na chumba kilichokuwa stoo ya mafagio.

Jumatano za mwanzo hakuja mtu. Watu waliona ni ukatili. Akieleza habari za kuhasi mbwa dume, wanaume kwenye benchi walikuwa wanakunja miguu bila kujijua, na hilo nimeliona kwa macho yangu maana mpaka leo bado wanaikunja. Aliyemfungulia njia ni muuza nyama mmoja ambaye nyuma ya duka lake kulikuwa na kundi la mbwa waliokuwa wakipigana hadi wateja wanakimbia na nusu kilo mkononi. Alikubali kwa mzaha, akaleta dume kubwa lililokuwa likianzisha ugomvi, kisha majike mawili. Baada ya muda ugomvi ukatulia. Majike hayakuingia tena kwenye joto, basi madume ya mitaa mingine hayakuwa na sababu ya kukesha pale. Muuza nyama huyo akageuka kipaza sauti. Ukinunua maini unapewa na hotuba.

Hotuba ya Mama Mkasi mwenyewe tunaijua kwa moyo. Husimama mbele ya benchi na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, akaongea kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Anasema paka jike anaweza kubeba mimba hata hajatimiza mwaka, na akishazaa hachelewi kubeba nyingine, kwa hiyo ukisema utagawa vitoto kwa majirani, uwahesabu kwanza majirani. Anasema mbwa jike akifungwa kizazi mapema, uvimbe wa matiti humpitia mbali, kwa sehemu kubwa. Kizazi kikiondolewa hakiwezi kuoza, na hilo halihitaji shule. Dume aliyehasiwa hazururi sana, hapigani sana, hagongwi ovyo na magari akifuata harufu ya jike mtaa wa tatu, na paka dume huacha kukojolea makochi, hasa akiwahiwa kabla hajazoea. Mbwa wakiwa wachache na wenye mbwa hao wanajulikana, hata chanjo ya kichaa cha mbwa inawezekana kuwafikia wote.

Kisha huja maswali, na maswali ni yaleyale. Atanenepa? Atanenepa ukimlisha kama zamani na kumfungia, kama wewe tu. Ataacha kulinda? Mbwa halindi kwa kizazi. Si afadhali azae mara moja kwanza, kwa afya yake? Hapo ndipo alikuwa anaweka kikombe chini. Hakuna faida yoyote ya kiafya katika kungoja mzao wa kwanza, alikuwa akisema, na kila joto linalopita ni hatari inayoongezeka. Hilo la kungoja lilimkera kuliko yote, na mtaona baadaye kwa nini nalitaja.

Msidhani kazi yake ilikuwa hotuba tupu. Tumecheka sana humu ndani. Mnyama anayekuja kupasuliwa hatakiwi kula tangu usiku, maana akitapika akiwa kwenye nusukaputi anaweza kupaliwa na kufa. Kila mwenye mnyama anaapa kwamba hajala kitu. Mama Mkasi aliacha kuuliza wakubwa. Alikuwa anainama na kumuuliza mtoto aliyemfuata mzazi wake, naye mtoto anasema ukweli wote, pamoja na uji na mkia wa samaki, huku mama yake anatazama dari.

Na kuna kosa moja ambalo ni wapasuaji wa wanyama tu wanaoweza kulifanya. Fundi cherehani wa jirani aliokota paka jike mwenye mabaka, akamleta afungwe kizazi. Mama Mkasi akafungua tumbo, akatafuta kizazi kushoto, hakuna. Kulia, hakuna. Waliokuwa wakimsaidia wakaanza kutazamana. Mwisho akakuta ndani fundo la uzi lililozeeka, akalitambua: ni fundo lake mwenyewe, analolifunga kwa mtindo wake wa kuzungusha mara tatu. Paka yule alikwisha kupita mikononi mwake miaka ya nyuma, akiwa wa mfugaji mwingine. Alimshona tena tumbo, akatoka nje akamweleza fundi ukweli bila kuzungusha maneno. Fundi aliutazama mshono kwa jicho la kazi, akasema umenyooka, hana kinyongo. Tangu siku hiyo kila jike anayetoka kwetu huwekewa kistari cha wino wa kijani usiofutika kando ya kovu, na paka wa mitaani hukatwa ncha ndogo ya sikio, akiwa bado amelala, ili mtu mwingine asije akapekua tumbo la watu bure.

Maboksi ya Jumatatu yalipungua mwaka hadi mwaka. Sasa unaweza kupita msimu mzima bila kuona hata moja, na wafanyakazi wapya wakisikia habari zake wanadhani tunatia chumvi. Hayo ndiyo mafanikio yake makubwa, na hayakuwahi kupewa cheti.

Sasa Tetesi.

Mbwa huyu aliletwa nyumbani na marehemu mume wa daktari, fundi redio, mtu wa utani kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akingoja mke atoke kazini. Alimwita Tetesi kwa sababu asubuhi alikuwa amekwisha kufika kila nyumba ya mtaa kabla watu hawajanawa uso. Mzee huyo alitaka Tetesi azae mara moja, ili kila mtoto wao apate kimbwa kimoja cha kukaa nacho huko aliko. Mama Mkasi alimwambia hayo ndiyo maneno anayoyapiga vita kila Jumatano, lakini mume ni mume. Wakakubaliana: mzao mmoja, halafu kisu. Kabla dume wa kufaa hajapatikana, mzee akaugua, na hakuinuka tena.

Baada ya mazishi, Tetesi akabaki hapo katikati. Kumzalisha, moyo haukuwepo. Kumkata, moyo haukutaka. Kila akiingia kwenye joto daktari alimfungia ndani na kuyafukuza madume getini kwa ndoo ya maji. Tukimuuliza lini atamleta, alisema wiki ijayo, na Jumatano ikija ilikuwa na wanyama wa watu wengine tayari. Mwanzoni tulimtania. Baadaye tuliacha, kwa sababu tulielewa. Alikuwa hajamaliza kumlilia mumewe, na kile alichokitaka mumewe kilikuwa kimebaki ndani ya yule mbwa. Miaka ikapita hivyohivyo, mbwa akaota mvi mdomoni.

Mwezi uliopita tulikuwa mezani, saa ya chai. Mama Mkasi alikuwa anakoroga sukari huku analalamika kwamba Tetesi amekuwa mlevi wa maji, bakuli halikai na maji, na chakula anakinusa tu na kuondoka. Alidhani ni joto la hali ya hewa. Meza nzima ikaweka vikombe chini. Hilo ndilo swali letu la kwanza kwa kila mwenye mbwa jike mzee: anakunywa maji mengi, hali, na alikuwa kwenye joto majuma machache yaliyopita? Hata anayedeki sakafu analijua jibu. Yeye peke yake hakujisikia akilisema. Kisha kijiko kikasimama.

"Alikuwa kwenye joto mwezi juzi," alisema.

Aliacha chai pale, akaenda kumchukua.

Picha ya tumbo ilionyesha kile alichokuwa anajua kabla ya kuwasha mashine. Kizazi kilikuwa kimejaa usaha na mlango wake umejifunga, hakuna tone linalotoka nje. Sumu ilikuwa inaingia kwenye damu na figo zimeanza kulemewa. Kikipasuka humo ndani, basi. Dawa peke yake haitoshi kwa hali kama hiyo, lazima kitolewe. Na hapo ndipo tofauti ilipo, wasomaji wangu, ambayo daktari ameniagiza niiandike wazi. Kwa mbwa kijana mwenye afya, upasuaji huu ni kazi ya kawaida na jioni anarudi nyumbani akiyumba kidogo. Kwa mbwa mzee mwenye sumu mwilini, upasuaji uleule ni kufa kupona.

Kliniki yetu ina kanuni kwamba mtu hamkati mnyama wake mwenyewe, kwa kuwa mkono unaotetemeka ni hatari. Kanuni hiyo aliitunga yeye. Basi akamkabidhi daktari wa pili, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye tunamwita Mpole kwa kuwa anaongea chini hadi wenye wanyama wanalala juu ya dawati langu wapate kumsikia. Mpole alimuuliza kama angependa kusimama pembeni. Alikataa, akasema akiwa pale atamchanganya. Akatoka nje, na hakwenda ofisini kwake. Alikaa kwenye benchi la wenye wanyama, kamba ya Tetesi mkononi.

Nimelitazama benchi hilo kwa miaka yangu yote ya kazi na sikuwahi kumwona amelikalia. Aliniuliza huwa inachukua muda gani. Yeye, aniulize mimi! Nikamwambia, kana kwamba hajui. Baada ya muda akaja hadi dawatini na kuuliza lile ambalo kila mtu huliuliza.

"Atapona?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza nisimwahidi mtu yeyote uhai wa mnyama aliye mezani. Nilitamani mno kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa umekwisha kuanza.

"Daktari akitoka atakwambia," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaniambia hilo ndilo jibu sahihi, akarudi kukaa. Halafu akalia, bila kujificha, kama wanavyolia wote pale. Nami nililia nyuma ya kompyuta, na nisingeliandika hili kama asingesema niandike yote.

Kwenye benchi hilo alikuwepo pia mwenye mashine ya kusaga nafaka, amemleta mbwa wake jike kijana kwa chanjo. Kwa mara kadhaa alikuwa amekataa kumfunga kizazi, kwa hoja ileile ya azae kwanza. Alipoona daktari analia, alimuuliza kwa heshima kuna nini. Daktari angeweza kumjibu kwa neno moja. Alimweleza kila kitu, mume, ahadi, wiki ijayo na wiki ijayo nyingine.

"Mimi ndiye niliyewaambia msingoje, halafu nikangoja," alimwambia. "Kinachotolewa humo ndani sasa hivi ningekitoa zamani, asubuhi moja tu kabla ya saa ya chai, na leo mchana angekuwa kibarazani analala."

Bwana yule alimvuta mbwa wake karibu na miguu. Mbwa wake akachomwa chanjo, wakaondoka. Sijui ataamua nini. Nafasi ya Jumatano nimemwekea kimyakimya, na akisoma hapa ndipo atajua.

Mpole alipotoka, barakoa ikiwa bado shingoni, alikaa kwanza kwenye benchi kando yake ndipo akasema. Kizazi kimetoka kizima, hakikupasuka. Ni kizito kama mfuko wa unga. Moyo uliyumba mara moja ukarudi. Lililobaki ni kungoja aamke.

Hakuamka upesi. Na alipoamka hakusimama. Siku zilizofuata alilala kwenye blanketi chumba cha nyuma akiwa na mpira wa dripu mguuni, macho wazi, hataki chakula hata ukimpaka mdomoni. Vipimo vya figo vilikuja vibaya, kisha vikaja vibaya tena. Mama Mkasi hakuomba ruhusa ya kukaa nyumbani. Jumatano alivaa gauni lake akafunga vizazi vya wanyama wote waliokuwa kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, mkono umetulia, na baada ya kila mmoja alivua glavu akaenda nyuma, akapiga magoti, akamsugua Tetesi masikio, akarudi, akanawa, akaanza mwingine. Jioni hiyo aliniambia Tetesi akifa atamzika kando ya kibaraza, na kwamba haogopi kustaafu, anaogopa kufungua mlango na kusikia kimya. Nilimshika mkono tu.

Kilichotutoa katika hali hiyo ni yai la kuchemsha. Mpole alikuwa ameliacha kwenye kiti chumba cha nyuma, akageuka kuandika. Aliposikia kitu kinatafunwa alipaza sauti hadi tukadhani moto umewaka. Tukakimbilia kule wote, wapokezi, wasafishaji, hata mwenye sungura aliyekuwa anangoja zamu. Tetesi alikuwa amesimama kwa miguu yake minne, anatetemeka, ganda la yai limemganda kwenye ndevu. Mama Mkasi alikaa sakafuni palepale na gauni lake safi, akamkumbatia, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Figo zake hazitakuwa kama za zamani. Atakula chakula cha masharti na kurudi kupimwa mara kwa mara, na hayo yote yangeepukika, daktari anataka mlijue hilo. Nyuzi zimetolewa Ijumaa. Mpole alimwekea kistari cha kijani pamoja na wengine wote.

Daktari, sisi sote tunakushukuru. Tunakushukuru kwa Jumatano zako, kwa kutufundisha kusema ukweli hata unapotugharimu, na kwa kulikalia benchi letu bila aibu. Wanyama waliopita mikononi mwako hawajui kukushukuru, na wengi wao walitoka wakitaka kukung'ata, kwa hiyo pokea shukrani zetu kwa niaba yao. Tunakuombea siku ndefu, afya njema, na usingizi wa mchana usiokatizwa na simu zetu, ingawa simu tutapiga.

Na tarehe thelathini usibaki kutusaidia kufunga madirisha kama kawaida yako. Funguo mpe Mpole, uondoke mapema. Tetesi ameanza kubweka tena, majirani zako wameshalalamika, na saa hizi yuko mlangoni anakusubiri.